Kikongwe Asiyeuzika: Dhidi ya Utetezi wa Filamu za Kale za Kuwasaka Wachawi

1. Utangulizi

Ajaye Mama Ngina jioni huja kupunga upepo. Hununua mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, akaketi kuzitazama meli ziingiazo Kilindini, na nyuma yake imesimama mibuyu mikongwe ambayo wazee wetu wa Mvita walitukataza kuipitia magharibi ikiingia kwa kuwa, walisema, ina wenyewe. Tangu bustani ile ikarabatiwe na kufunguliwa Oktoba 2019, vijana hukaa pale hadi usiku. Hapo ndipo, jioni moja ya muhula uliopita, nilipowakuta wanafunzi wetu wanne wameinamia simu moja wakitazama filamu ya mwaka 1970, Mark of the Devil, katika sehemu ile ambapo mwanamke kijana aliyesingiziwa uchawi anang'olewa ulimi. Walinisalimu kwa adabu. Kisha mmoja wao, kabla sijamuuliza neno, akajitetea: "Mwalimu, filamu hii inalaani ukatili."

Utetezi huo ndio ulionitia kalamu mkononi. Mwanafunzi yule hakuubuni, ameusikia kwetu. Imekuwa desturi katika semina za idara, na katika tahakiki tunazowapa wanafunzi wasome, kuzisifu filamu za kutisha za miaka ya 1960 na 1970 zilizohusu wasaka-wachawi wa Ulaya kuwa ni sanaa ya kuwatetea wanyonge. Hudaiwa kwamba zinafichua unafiki wa viongozi wa dini, uroho wa mahakimu na upofu wa umati, na kwamba damu iliyomo ni gharama ya kuusema ukweli.

Makala haya yananuia kuupinga utetezi huo. Hoja yetu ni kwamba filamu hizo, hata pale zilipokusudia mema, zilimwondoa mhasiriwa wa kweli wa usakaji wa wachawi, yaani mtu mzee, maskini, asiye na mtetezi, zikamweka mahali pake msichana mrembo ambaye mateso yake yanauzika. Kwa mtazamaji wa Pwani ya Kenya, ambako wazee wameendelea kuuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, badala hiyo haiwezi kupuuzwa kama kosa dogo la fani. Inaharibu maudhui yenyewe.

2. Hoja ya watetezi

Yafaa tuanze kwa kuwatendea haki tunaopingana nao. Filamu inayotajwa mara nyingi kuliko zote ni Witchfinder General ya mwongozaji Mwingereza Michael Reeves, iliyotolewa mwaka 1968, ambamo Vincent Price aliigiza nafasi ya Matthew Hopkins, msaka-wachawi aliyezunguka mashariki mwa Uingereza wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1645 na 1647. Ilipotoka, mwandishi Alan Bennett aliishutumu vikali katika jarida la The Listener. Reeves alimjibu. Kiini cha jibu lake kilikuwa kwamba ukatili sharti uonyeshwe ukiwa unachukiza. Kwamba filamu zinazoonyesha watu wakipigwa na kufa bila maumivu ndizo zinazompotosha mtazamaji, kwa kuwa humfundisha kwamba kuua ni jambo jepesi. Reeves alifariki Februari 1969 akiwa na umri wa miaka 25 tu, na kifo hicho cha mapema kimeipa hoja yake hadhi ya wosia.

Hoja hiyo ina uzito. Ni kweli kwamba filamu yake inamwonyesha Hopkins akilipwa kwa kazi yake, na historia inathibitisha kwamba miji ilimlipa. Ni kweli pia kwamba katika Mark of the Devil, iliyoongozwa na Michael Armstrong na kupigwa huko Austria, msaka-wachawi anamtesa kabaila ili aurithi utajiri wake. Asemaye kwamba filamu hizi hazina maudhui kabisa hazijui. Tatizo letu haliko hapo. Tatizo ni kwamba watetezi hulitazama lengo lililotangazwa na mwongozaji wakasahau kuitazama kazi iliyofanywa na filamu yenyewe. Mhakiki wa fasihi hapaswi kufanya hivyo. Hatukubali kwamba shairi ni zuri kwa kuwa mtunzi amesema alikusudia liwe zuri.

3. Kikongwe wa Manningtree

Hebu tulichukue tukio moja tulichunguze. Miongoni mwa watu wa mwanzo walioangamizwa na Hopkins na mwenzake John Stearne alikuwamo Elizabeth Clarke wa mji wa Manningtree. Alikuwa mwanamke mzee, fukara, mwenye mguu mmoja. Alinyongwa mwaka 1645. Katika filamu ya Reeves mnatokea mwanamke mwenye jina hilo hilo. Huyu ana miguu yote miwili, ni kijana, ni mzuri wa sura. Hanyongwi. Anafungwa kwenye ngazi mbele ya umati wa mji wa Lavenham na kuteremshwa polepole juu ya moto huku akipiga mayowe.

Mabadiliko ni mawili, na yote yanaelekea upande mmoja. Uzee umegeuzwa ujana, na kitanzi kimegeuzwa moto, ingawa sheria ya Uingereza ya wakati ule iliwanyonga waliopatikana na hatia ya uchawi, haikuwachoma. Mtu atasema kwamba msanii ana uhuru wake, nasi tunakubali. Lakini uhuru huo umetumika kwa faida ya nani? Mzee mwenye mguu mmoja anayetundikwa kimyakimya hawezi kuwekwa kwenye bango la kutangazia filamu. Msichana anayeungua anaweza. Hapa hatuzungumzii tena uhuru wa sanaa. Tunazungumzia biashara, na bidhaa ni mwili wa mwanamke kijana unaoumizwa.

Aliyekuwa na shaka na azitazame mbinu za uuzaji. Mark of the Devil ilipopelekwa Marekani, wasambazaji waliwagawia watazamaji mifuko ya kutapikia mlangoni. Ugawaji wa mifuko hiyo ni uhakiki tosha, tena umeandikwa na wenye mali wenyewe. Uliwaambia watazamaji kwamba wamekuja kuupima uwezo wao wa kustahimili kuona. Mwanamke anayeng'olewa ulimi akawa kipimo cha ushujaa wa vijana walioketi gizani. Reeves alisema ukatili lazima uchukize. Wafanyabiashara waliomfuata waligundua mara moja kwamba kuchukizwa nako kunauzika, na wakakutia bei.

Athari ya badala hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtazamaji wa filamu hizi humhurumia mtuhumiwa kwa sababu ni mrembo. Urembo wake ndio ushahidi wa kutokuwa na hatia; msaka-wachawi anamsingizia kwa kuwa anamtamani au amekataliwa. Je, yule asiye mrembo? Filamu nyingine ya mwaka 1970, Cry of the Banshee, ambamo Vincent Price yuyo huyo anaigiza hakimu katili, inalijibu swali hilo waziwazi. Ndani yake wanawake vijana wanateswa na kudhalilishwa bila hatia, lakini bi kizee Oona, aliyeigizwa na Elisabeth Bergner, ni mchawi kwelikweli, na kiumbe anachokiita ndicho kinachowaua watu. Tazama basi fundisho lilivyogawika: msichana amesingiziwa, kikongwe ni mchawi wa haki. Hopkins angelikubali fundisho hilo bila kubadili neno.

Wala asiseme mtu kwamba sinema ya zamani haikuwa na njia nyingine. Mwaka 1922 Benjamin Christensen, katika Häxan, alimweka mfumaji mzee na maskini katikati ya kesi ya uchawi, akatuacha tuutazame uso wake uliokunjamana. Mwaka 1943, Denmark ikiwa imekaliwa na majeshi ya Wanazi, Carl Dreyer alitoa filamu inayoanza na kikongwe aitwaye Herlofs Marte akitoroka huku kengele zikilia. Anapoteswa, kamera inapita polepole juu ya nyuso za makasisi wanaosikiliza. Sauti ya maumivu tunaisikia. Wanaotazamwa ni watesaji. Njia ilikuwepo robo karne kabla ya Reeves. Waliokuja baadaye hawakuifuata kwa kuwa haikuwa na soko kubwa.

4. Jicho la mpelelezi

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hawaligusi. Usakaji wa wachawi ni kazi ya macho. Mbinu kuu ya Hopkins ilikuwa kukesha: mtuhumiwa aliketishwa chumbani, akanyimwa usingizi siku na mausiku, huku watu wakimkodolea macho wakingoja mashetani wake wamjie kwa sura ya wanyama. Kuzi au paka akipita, ushahidi umepatikana. Mateso haya ya kweli, yaliyo marefu, ya kuchosha na yasiyo na damu, hayana nafasi kubwa katika filamu, kwa kuwa usingizi ulionyimwa hauonekani. Badala yake tunapewa sindano, moto na koleo. Nayo kamera inashika nafasi ya wale wakeshaji: inauzunguka mwili wa mtuhumiwa, inaukaribia, inangoja alie.

Sisi wa Mvita tuna sababu ya kulielewa jicho hili. Kutoka Mama Ngina hadi Ngome ya Yesu si mwendo mrefu. Katika ngome ile, na katika mji ulio ubavuni mwake, aliishi Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme, aliyepelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na watawa, akabatizwa jina la Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa atawale chini ya Wareno. Akapelelezwa. Alionekana akilizuru kaburi la baba yake usiku na kuomba kwa dini ya wazee wake. Habari ikafika kwa kapteni, na ikakusudiwa apelekwe Goa, ambako mahakama ya kuchunguza imani ilikuwepo tangu 1560. Yusuf aliwahi kabla ya kuwahiwa. Agosti 1631 alimuua kapteni, akaiteka ngome, na damu nyingi ya wasio na silaha ikamwagika kwa amri yake. Hatumtaji ili tumfanye mtakatifu. Tunamtaja kwa sababu ya ushahidi uliotosha kumwangamiza: mtu ameonekana usiku, kaburini, peke yake. Mahakama ya aina ile ambayo filamu za Ulaya zinaigeuza mchezo wa kutisha ilikuwa na mkono uliofika hapa, na ilitegemea jirani aonaye na kusema.

5. Kilifi si filamu

Ushahidi huo huo ungali unatosha. Katika kaunti ya Kilifi, mwendo wa matatu moja kutoka mjini kwetu, mzee mwenye mvi aonekanaye nje alfajiri amekwisha kutuhumiwa nusu. Magazeti ya Kenya yameripoti kwa miaka mingi mauaji ya wazee wanaokatwa mapanga nyumbani kwao, na huko Ganze kituo cha Kaya Godoma kimewahifadhi waliokimbia jamaa zao wenyewe. Pwani imekuwa pia na wasaka-wachawi wake. Kajiwe, aliyepata umaarufu kote Umijikendani mwaka 1966, hajasahauliwa.

Wala si Pwani tu. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto katika eneo la Kisii. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne wakauawa kwa tuhuma ile ile. Nchini Tanzania, kati ya 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake na wengi wao Usukumani, ambako macho mekundu ya bibi aliyepikia moshi maisha yake yote yalihesabiwa kuwa dalili. Kenya ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, inayomwadhibu ajidaiye uchawi na pia amsingiziaye mwenziwe. Sheria hiyo haijawazuia wenye mapanga.

Jioni ile Mama Ngina, mwanafunzi wa nne alikuwa ameketi pembeni kidogo, haitazami simu. Wenzake walipoanza kubishana nami, alisema kwa sauti ya chini kwamba hawe wake, huko nyumbani Kilifi, hupaka nywele piko kila mwezi. Wenzake walicheka wakidhani ni habari ya urembo. Yeye hakucheka. Huyo bibi ndiye Elizabeth Clarke, na hakuna filamu ya mwaka 1968 wala 1970 iliyomtayarisha mjukuu wake kumwona hivyo.

Filamu iliyofanya kazi hiyo imetengenezwa hapa hapa. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2019 na baadaye kuteuliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar, inamfuata kijana wa Mombasa anayegundua kupitia mtandao kwamba nyanya yake ameitwa mchawi, naye anafunga safari kwenda kwao Kilifi. Hatuoni panga likishuka. Tunamwona kikongwe wa miaka tisini na zaidi akilima, akicheka, akisali. Tunawasikia jamaa wakizungumza. Taratibu, bila mtu kutuhubiria, tunaona kwamba chini ya maneno yote ya mapepo na maombi pana shamba, na pana watu wanaohesabu nani atalirithi. Katika filamu za Ulaya tulizozijadili uroho ni dhambi ya mgeni mwenye kofia nyeusi anayekuja juu ya farasi. Katika The Letter uroho unakula nasi meza moja. Ukweli huo ni mchungu zaidi, na hauhitaji mfuko wa kutapikia.

6. Na fasihi yetu je?

Itakuwa unafiki tukiwanyoshea kidole Waingereza na Wajerumani tukaisahau nyumba yetu. Fasihi ya Kiswahili imeushughulikia uchawi kwa muda mrefu. Muhammad Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimtuma Bwana Msa mahali pa mizimu akiwa na akili ya mpelelezi. Ebrahim Hussein, katika Mashetani (1971), aliwatumia shetani na mbuyu kuwasema wakoloni na warithi wao. C. G. Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari (1977), alisimulia habari za kijana anayerithishwa uchawi na baba yake. Gabriel Ruhumbika, katika Janga Sugu la Wazawa (2002), aliutazama uchawi kama janga la jamii nzima. Malighafi ya kufikiri tunayo.

Lakini tumeifanyia nini? Katika miongozo na majibu ya mitihani, uchawi umegeuka kuwa dhamira ndogo inayomalizwa kwa sentensi moja: imani za kishirikina zinarudisha nyuma maendeleo. Mwanafunzi huiandika, mtahini huitia alama, kisha wote wawili huendelea na ndoa na rushwa. Sentensi hiyo inawalaumu wote bila kumlaumu mtu. Haiulizi nani ametuhumiwa, nani ametuhumu, na shamba limebaki na nani. Mhakiki anayetosheka nayo ni yule yule atakayetosheka kuambiwa kwamba filamu fulani inalaani ukatili. Amezoea kulipokea tangazo la dhamira badala ya dhamira.

7. Hitimisho

Hatupendekezi filamu hizi zipigwe marufuku. Kwanza haiwezekani: majumba ya sinema ya Mvita kama Naaz, Regal na Majestic yamefungwa, na kila kijana sasa amebeba jumba lake mfukoni. Pili, kilichofichwa hakihakikiwi. Tunachopendekeza ni kwamba idara iache kuzifundisha kama mifano ya sanaa ya utetezi, na kwamba kila inapoonyeshwa moja yake mwanafunzi atakiwe kuandika majibu ya maswali matatu. Mtuhumiwa wa filamu ana umri gani, na yule wa historia alikuwa na umri gani? Wakati wa mateso, kamera inamtazama nani? Filamu ikimalizika, mtazamaji ameelewa zaidi kwa nini watu walisadiki, au ameona tu jinsi watu walivyoumia?

Tunapendekeza pia kwamba Witchfinder General isionyeshwe tena darasani bila The Letter kuifuata wiki hiyo hiyo. Ikiwezekana, hiyo ya pili isiishie darasani. Pale Mama Ngina pamejengwa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, unaoelekea bahari. Wanaopumzika pale wana nyanya zao Kilifi, Kwale na kwingineko, na wengi wao watakwenda kuwasalimu sikukuu zikifika. Wanafunzi wale wanne nimewapa kazi ya kuandika barua ya kuomba kibali cha kuionyesha hapo. Yule wa nne ndiye atakayeisimamia, na ameomba hawe wake aalikwe akae mbele.